Mwamvua Yuko Ukurasa wa Ngapi?

Mshangano, Songea
9 Juni 2024

Mwanangu Kajetani,

Pokea salamu za huku kwenye baridi. Natumaini u mzima, Dorine mkeo mzima, na mtoto ameshaacha kukohoa. Sisi tupo. Baba yako Romwaldi alipita hapa wiki jana akitoka Namtumbo. Tumbaku ameshaifunga, mgongo unamsumbua, ila mdomo wake haujambo. Mahindi nimevuna, si mabaya, ingawa nguruwe wa Beda waliingia shambani mara mbili na Beda anasema si wake. Nguruwe wana alama sikioni, yeye anasema si wake! Haya, tuyaache.

Naandika kwa sababu kwenye simu tulishindwana. Nilikupigia Jumapili baada ya misa, nikatamka tu "kuhusu kitabu chako," ukaanza "Shangazi mtandao, Shangazi mtandao," ikakatika. Mtandao gani huo unaokatika mtu akitaja sura ya kumi na nne? Barua haikatiki. Utakaa kitako uisome yote.

Kitabu nimekimaliza. Kurasa mia nne themanini na saba, kwa macho yangu haya, na kalamu nyekundu mkononi kama zamani nilipokuwa nasahihisha insha zako darasa la tatu. Hongera. Nasema hongera kwa moyo kabisa, maana katika ukoo huu hakuna mwingine aliyeandika hata kalenda. Lakini, Kajetani, jamani! Nilipofika ukurasa wa themanini nilitaka kupanda basi nije Bukoba nikuchape.

Kwanza, chungu. Kurasa nne nzima unaeleza chungu kimoja! Udongo wake umetoka wapi, kimechomwa kwa kuni za mti gani, nani alikikwaruza ukingo. Nikadhani chungu hiki kitafanya jambo. Hakikufanya. Kilipasuka, basi. Halafu vifungo vya koti la yule ofisa wa Kijerumani. Vinane, vya shaba, kila kimoja na mchoro wake. Watu wanapigwa risasi, wewe unahesabu vifungo. Halafu wanawake wako wanatwanga ulezi kwenye kinu alfajiri, kinu kinalia kijiji kizima. Nani alikuambia ulezi hutwangwa hivyo? Ulezi husagwa kwenye jiwe, mtu amepiga magoti, na magoti yanauma. Ungeniuliza. Na jua umelizamisha nyuma ya Matogoro! Wewe umezaliwa Mjimwema, kila asubuhi ya utoto wako jua limekuchomozea machoni kutoka Matogoro, leo umelizamisha hukohuko. Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakaruka.

Hayo nakusamehe. Sasa ukurasa wa 231.

Umeandika kwamba vita ilipokwisha, askari wa Wajerumani walipokuwa wanachoma maghala ili watu wafe njaa, mwanamke mmoja aliwapeleka askari hadi kwenye shimo ambamo jirani yake alikuwa amefukia ulezi. Akawaonyesha kwa kidole. Na mwanamke huyo ukamwita Nambeleka.

Nambeleka ni jina langu, Kajetani. Kunegunda nilipewa na padri, Nambeleka nilipewa na nyumba. Ni jina la mama yake babu yako. Baba yangu mzazi mpaka anakufa aliniita "mama," akiniamkia "mama umeamkaje." Unajua vizuri mtu aliyerithi jina anavyochukuliwa huku: mimi ndiye yeye. Sasa mimi ndiye niliyewapeleka askari. Tayari mzee Leo wa kwaya amenipita kanisani akasema, "Nambeleka, nyumbani kwangu usioneshe kitu." Watani nao wameshapata nyama ya kutafuna mwaka mzima.

Na Mwamvua ameniomba kitabu. Nitamnyima vipi? Miaka arobaini na moja tunaombana chumvi. Nimempa. Anasoma kurasa mbili kila siku baada ya sala ya alasiri, kwa sauti, kibarazani kwake. Namsikia kutoka jikoni kwangu. Yuko ukurasa wa 19.

Nataka maelezo.

Shangazi yako,
Kunegunda


Bukoba
2 Julai 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, na mtoto hakohoi tena, sasa anauma. Ana meno manne na ameyajaribu yote kwenye mkono wa Dorine. Dorine anakusalimu sana. Anasema kuhusu chungu yuko upande wako. Huku mvua imekatika, shule tumefunga, nina rundo la mitihani ya historia mezani ambapo mwanafunzi mmoja ameandika kwamba Vita vya Majimaji vilitokana na ukosefu wa maji. Nimempa alama moja kwa ujasiri.

Shangazi, nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikacheka, mara ya tatu nikakasirika tena. Vifungo vile nilivitafuta miezi mitatu! Nilisafiri hadi Dar es Salaam kwa likizo yangu nikatazama picha za zamani kwa kioo cha kukuzia. Chungu nilifundishwa na mama mmoja mfinyanzi, nikakaa naye siku mbili nikichafuka udongo. Nilifanya hivyo ili mtu asije akasema mtoto wa Songea ameandika mambo ya kwao kwa kukisia. Halafu wewe, ambaye ndiye uliyenifundisha kusoma, unaniandikia kuhusu kuku walioruka. Matogoro nakubali. Nilikuwa nimechoka siku hiyo. Ulezi pia nakubali.

Ila ukurasa wa 231 sikuelewi. Shangazi, hiyo ni riwaya. Nambeleka wa kitabuni si bibi yetu. Hakuna mtu aliyewahi kunisimulia chochote kuhusu bibi huyo zaidi ya kwamba alikuwa mrefu na hakupenda kelele. Nilihitaji mtu wa kuonyesha shimo, kwa sababu katika sura ya kumi na tano askari wanakula, na lazima chakula kitoke mahali. Nikamtunga mwanamke. Nikawaza, ana watoto wake, ana hofu, atafanya hivi. Alipokuwa tayari nikampenda, maana ndiye mtu wa kweli kuliko wote mle ndani, nikasema huyu apewe jina zuri kuliko yote ninayoyajua. Ndiyo maana nikampa lako. Ilikuwa heshima, Shangazi! Naona nimekosea adabu za jina, na kwa hilo naomba radhi. Lakini maelezo mengine sina.

Mchapaji anataka kukitoa tena mwakani. Masahihisho yote yamfikie kabla ya Novemba kwisha. Nitarekebisha jua na ulezi. Jina nitaliweka lingine ukitaka. Niambie tu.

Mwanao,
Kajetani


Mshangano
21 Julai 2024

Kajetani,

Marahaba. Wazima tupo, baridi imezidi, maji ya ndoo asubuhi yanakata vidole. Kuku mmoja amekufa. Salamu kwa Dorine mwenye akili.

Nani alikuambia?

Usiniandikie habari za kutunga. Nimefundisha miaka thelathini na nne, mtoto akinidanganya namjua hata akiwa amenipa kisogo. Mtu hatungi shimo. Mtu hatungi kwamba mawe ya juu ya shimo yalifunikwa samadi ya mbuzi ili pasijulikane. Mtu hatungi kwamba hakupigwa, hakushikwa, aliulizwa mara moja tu akainua mkono! Hayo umeyatoa kwa mtu, na mtu mwenyewe namjua, maana tuko wawili tu duniani.

Nilimpigia baba yako. Nikamwambia, Romwaldi, ulikuwa umelewa ulipomsimulia mwanao au ulikuwa mzima? Akasema "nimemsimulia nini?" Nikamwambia usinijie na unafiki wako. Akasema mimi nimezeeka vibaya. Nikamwambia yeye alizaliwa amezeeka vibaya. Sasa hatuongei. Alileta maboga Jumamosi, akayaweka getini bila kupiga hodi akaenda zake. Nimeyala, lakini hatuongei. Yote haya ni kwa sababu yako na vifungo vyako.

Mwamvua yuko kwenye chungu. Kwa mara ya kwanza nimemshukuru Mungu kwa chungu hicho. Ana siku nne yuko hapohapo, anasoma ukurasa anasinzia, anaamka anaurudia. Jana kaniita kwenye ua: "Mama Mwalimu, hiki chungu cha mwanao kitaiva lini?" Nikamwambia asiharakishe, ni sehemu nzuri sana. Mimi nimesema hivyo! Nimemsifia mtu chungu nilichokichora kalamu nyekundu kurasa zote nne.

Na mimi sikuambii ni kweli. Sijasema hivyo. Naulizia tu nani alikuambia.

Kunegunda


Bukoba
3 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ililala kwenye sanduku la shule wiki nne nzima kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa likizo kwao Karagwe na ufunguo alikwenda nao. Sisi wazima. Mtoto anatembea akishika ukuta. Baba kanipigia simu, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Hakusalimu. Alisema, "Umemwambia nini dada yangu?" Nikamwambia sijamwambia kitu. Akauliza, "Umeandika nini katika hicho kitabu?" Nikamsomea ukurasa wa 231 kwenye simu, na zamu hii simu ikakatika kwa upande wake. Sijui kama ni mtandao.

Shangazi, naapa mbele ya Mungu na mbele ya picha ya babu iliyo sebuleni kwako. Nilitunga. Mawe nilitunga. Samadi nilitunga kwa sababu nilifikiri, ningekuwa mimi ningeficha vipi? Kuinua mkono nilitunga nikiwa jikoni Dorine akikaanga samaki. Hakuna aliyeniambia.

Lakini nimekuwa nikiwaza tangu barua ilipofika. Mtu akizushiwa uongo atalalamika, atacheka, atadai aombwe radhi. Hagombani na ndugu yake wa pekee akiuliza nani kasema. Umeandika "tuko wawili tu duniani." Wawili mnaojua nini?

Kumbe ni kweli?

Nitakuambia jambo utakalonichukia kwalo, lakini afadhali niliseme. Nilipolielewa hilo, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Nilisimama pale na barua yako nikafurahi, kwamba nimekaa peke yangu huku Bukoba nikafikiri mpaka nikamfikia bibi yangu bila mtu kunionyesha njia. Aibu ilikuja baadaye, lakini nayo ilikuja.

Niambie ilivyokuwa. Na niambie kwa nini unamsikiliza Mwamvua akisoma. Yeye anaingiaje?

Kajetani wako


Mshangano
20 Septemba 2024

Kajetani,

Wazima.

Ulifurahi. Haya, endelea kufurahi.

Futa sura hiyo. Sisemi badilisha jina, nasema futa. Askari wako wale kitu kingine, wewe si una mawazo mengi? Wape ndizi za hukohuko.

Mwamvua yuko ukurasa wa 178. Miwani yake ilivunjika mguu mwezi wa nane, nikajitolea kuipeleka kwa fundi Msamala. Nikamwambia fundi asiwe na haraka, nitaipitia nikipata nafasi. Wiki tatu! Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa wanawake wa jumuiya, nimeficha miwani ya mtu. Mwishowe binti yake Ida akaenda mwenyewe akaichukua, fundi akamwambia, "ilikuwa tayari siku ileile." Mwamvua hajaniuliza. Angeniuliza ningepumua.

Futa.

Kunegunda


Bukoba
11 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Dorine na mtoto wanakusalimu, mvua za huku zimeanza.

Nimejaribu. Nimekaa na sura hiyo usiku na mchana wiki mbili. Nikiitoa, kitabu kinabaki watu wazuri tupu. Wagoni wote mashujaa, wote wanakwenda kunyongwa wameinua vichwa, na njaa inakuja yenyewe tu kama mvua ya mawe. Wanafunzi wangu wataisoma hivyo na hawatauliza kitu. Mimi nimechoka na vitabu hivyo, Shangazi, na wewe ulivichoka kabla yangu. Ni wewe uliyekuwa unatuambia darasani kwamba waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi, na kwamba hakuna mnara wao.

Jina nimeshaliondoa. Sasa anaitwa kwa jina ambalo halimhusu mtu yeyote. Sura siwezi. Unaweza kukasirika, na najua utakasirika, lakini unanidai nifute bila kuniambia nafuta nini. Hiyo si haki. Nilipokuwa mtoto ukitusahihisha ulikuwa unatuandikia pembeni kwa nini.

Zimebaki wiki saba tu.

Kajetani


Mshangano
17 Novemba 2024

Mwanangu Kajetani,

Salamu nyingi kwako, kwa Dorine na kwa huyo anayetembea. Baba yako yupo hapa nyumbani kwangu tangu juzi, tumepatana, yaani tumerudi kugombana kwa mdomo. Mashamba tumeshayalima, tunangoja mvua ishike tupande. Beda amekubali kwamba nguruwe ni wake.

Nakuandikia nimetulia. Nimelia vya kutosha jana, leo nina macho makavu.

Ilivyokuwa ni hivi. Babu yako alituita sisi wawili, mimi na Romwaldi, mwaka ule aliougua. Akasema mama yake alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na hakuna kitu cha kumpa. Askari walipofika waliuliza nani ana chakula. Hawakumpiga. Aliinua mkono akaonyesha kwa jirani, na wao wakamwachia kikapu kimoja cha ulezi. Yule mtoto wa mgongoni alipona kwa kikapu hicho. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na huyo ndiye aliyemlea baba. Jirani alifiwa na watoto watatu mwezi ule.

Jirani huyo ni bibi yake Mwamvua.

Baba ndiye aliyenilazimisha ninunue kiwanja hiki. Mimi nilitaka Mjimwema, karibu na ninyi. Akasema hapana, nunua pale, kaa karibu na watu wale, kuwa mwema kwao, na usiseme kitu. Nimekaa miaka arobaini na moja. Nilimfundisha Ida kusoma bila kudai shukrani. Mume wa Mwamvua alipofariki nilipika siku saba, na wangu alipofariki alipika yeye. Watu wanasema, tazama Mkristo na Mwislamu wanavyopendana! Nami naharakisha mwendo. Kila siku nilijiuliza nampenda au nalipa. Sikuwahi kupata jibu, na mtu wa kumuuliza alikuwa yeye peke yake.

Alhamisi alasiri nilikuwa jikoni, nikasikia anasoma. Nikajua ni mle. Tangu kilimo kianze alisoma ukurasa mmoja tu kwa siku, nami nilihesabu, nilijua ndiyo siku. Sauti ikaenda, ikaenda, ikafika kwenye mkono. Ikanyamaza. Nikazima jiko nikakaa chini sakafuni, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, nimejibanza nyuma ya mlango.

Akaja. Hakupiga hodi. Akasimama juu yangu na kitabu mkononi akasema, "Nambeleka, inuka."

Hajawahi kuniita hivyo. Nikainuka. Nikamwambia, Mwamvua, ni kweli. Nikasema ni kweli, si hadithi, ni bibi yangu na ni bibi yako, na mimi nimejua tangu nihamie hapa. Nilisema yote kwa pumzi moja nikiwa nimeshika meza.

Akanitazama. Unajua anavyotazama. Akasema, "Mimi nimejua tangu nina miaka tisa."

Kajetani, nilikaa tena.

Bibi yake aliwaambia. Aliwaambia jina, aliwaambia na ukoo. Nilipohamia hapa na kusikia watu wa kwetu wakiniita Nambeleka, Mwamvua alijua siku hiyohiyo. Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinyamaza? Hapo ndipo alipokasirika, na sijawahi kumwona amekasirika hivyo hata kwa marehemu mumewe. Akapiga meza! "Ninyamaze mimi? Ni mimi wa kusema? Nilikuwa nakusubiri wewe! Kila ukija na sahani yako nasema leo atasema. Tumezika waume, nikasema sasa atasema. Umeniibia miwani, nikasema haya, sasa hana pa kukimbilia, atasema. Miaka arobaini na moja, mwanamke wewe! Meno yameisha nakusubiri! Mpaka mtoto wa kaka yako akatunge kitabu akiwa Bukoba!"

 Nililia. Yeye hakulia, alikuwa na hasira mno. Aliinjika chai kwenye jiko langu, kwa majani yangu, akanipa kikombe kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nikamuuliza lile ninalojiuliza kila siku. Nikasema, Mwamvua, sijui kama nimekuwa rafiki yako au mdeni wako. Akasema, "Mdeni angesema. Mdeni anataka amalize. Kunywa chai."

Bado amenikasirikia. Jana hakuniletea magimbi, na ilikuwa zamu yake. Ida anasema mama yake anazungumza peke yake uani akitaja jina langu. Nitamwendea kesho na keshokutwa. Atanifukuza, nitarudi.

Sasa kuhusu kitabu. Sura ibaki. Jina nalo lirudishe, Nambeleka, kama lilivyokuwa. Mimi ndiye mwenye jina, nami nimekubali. Mzee Leo aimbe anavyotaka.

Ila Mwamvua ana neno na wewe. Aliniwekea kitabu mezani, akafungua ukurasa wa 232, akaweka kidole. Umeandika, "Watoto watatu wa jirani walifariki kabla ya mvua." Basi, umemaliza, umehamia kwenye farasi wa ofisa. Farasi umempa ukurasa mzima, mpaka rangi ya kwato. Mwamvua akasema, "Huyu mtoto amehesabu vifungo vya Mjerumani. Akahesabu mistari ya chungu. Watoto wa bibi yangu amewapa nusu mstari." Nilitaka kukutetea, Kajetani. Lakini na mimi nilipita pale na kalamu yangu nyekundu, nikasahihisha jua, nikasahihisha ulezi, hapo sikuweka hata nukta.

Akasema, "Andika, umpelekee." Akanitajia, mimi nikaandika nyuma ya bahasha ya posta. Nakunakilia kama alivyosema, usiongeze kitu.

Wa kwanza Ausi. Alikuwa na miaka sita au saba, alikuwa anachunga mbuzi wa babu yake, na alikuwa na kigugumizi.

Wa pili Asumini. Alikuwa anapenda kulala mlangoni, ikabidi watu wamruke wakitoka. Alitangulia kufa yeye, kabla ya Ausi.

Wa tatu alizaliwa njaa imeshashika. Aliishi siku nne. Kitovu kilikuwa hakijadondoka, kwa hiyo hakuwa amepewa jina, na bibi yake Mwamvua hakumwita kwa jina lolote mpaka anakufa yeye mwenyewe akiwa mzee.

Mwamvua anasema wewe ni hodari wa kutunga, ameona. Lakini huyo usimtungie.

Shangazi yako,
Kunegunda